Njaa Yetu Ina Kalenda: Barua ya Wazi kwa Mashirika Yanayolisha na Kutibu Kaya za Ilongero

Kwenu viongozi, watumishi na wafadhili wa mashirika ya hisani mnaohudumia kaya zenye shida za Ilongero na vijiji vya jirani,

Nawaandikia nikiwa mkulima wa hapa Ilongero, mama, na mmoja wa wanawake ambao mmezoea kutuita siku ya ugawaji ili tusaidie kupanga foleni, kusoma majina na kupima unga. Kabla ya lolote, nawashukuru. Wako watoto wanaopita asubuhi mbele ya nyumba yangu kwenda shule ambao, kwa hali waliyokuwa nayo wakiwa wachanga, hatukutegemea wafike darasa la kwanza. Uji wenu na dawa zenu vina sehemu yake katika hilo, na sitaki yeyote asome barua hii akadhani nimesahau.

Ninachowaomba ni kimoja: msaada wenu ufuate kalenda ya njaa yetu. Chakula mnachokigawa Januari kinunuliwe hapa hapa mwezi wa sita, kwa wakulima wetu, kihifadhiwe hapa hapa, kitoke ghalani siku kinapohitajika. Na fedha mnayoitumia kumlipia mgonjwa aliyekwisha kuzidiwa, sehemu yake kubwa itangulie kumkatia bima akiwa bado mzima. Mengine yote nitakayoyasema yanatokana na hilo.

Nyinyi wengi wenu mnakuja na kuondoka, kwa hiyo niruhusuni niueleze mwaka wetu jinsi ulivyo. Singida ni nchi kavu. Mvua tunazozipata ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, na zote zinakuja msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Pwani au wa Kilimanjaro. Tukikosea msimu huo mmoja, tumekosea mwaka. Uwele, mtama, mahindi na alizeti vinavunwa kuanzia Mei hadi Julai. Mwezi wa sita ukipita Ilongero utaona viwanja vimejaa nafaka iliyoanikwa, malori yamepaki kando ya barabara ya kwenda Haydom, na madalali wanazunguka na madebe yao. Mgeni akifika wakati huo hawezi kuamini kwamba kuna kaya hapa zinazolala bila kula.

Lakini kila kitu kilichokuwa kinasubiri kinasubiri mwezi huohuo. Deni la mbegu, deni la dukani, sare za shule, mahari, matibabu ya mzee, bati la nyumba. Mkulima asiye na akiba nyingine anauza nafaka kwa sababu hana kingine cha kuuza, na anauza siku ambayo kila jirani yake anauza. Bei inakuwa ya kutupa. Dalali anajua, mkulima anajua, na gunia linajazwa lumbesa juu ya hapo. Ifikapo Desemba, mkulima yuleyule ananunua dukani kwa kilo kile alichokiuza kwa gunia, kwa bei isiyofanana kabisa na ile aliyouzia.

Ndipo kazi kubwa inapoanza. Mvua imenyesha, shamba linataka kulimwa, kupandwa na kupaliliwa, na nguvu ya mtu inahitajika kuliko miezi yote. Ndiyo miezi ambayo chungu kina kidogo kuliko miezi yote. Mama asiye na kitu ndani anafanya nini? Anakwenda kibarua. Anapalilia shamba la mwenye nafuu ili apate unga wa siku hiyo, na shamba lake mwenyewe linabaki na magugu. Anaporudi kulishika amechelewa wiki mbili, tatu. Mavuno yake ya mwaka huo yanakuwa haba, anauza mapema zaidi, na Desemba inayofuata inamkuta pabaya kuliko iliyopita. Nimewaona wanawake hodari, wenye akili ya shamba kunizidi, wakizungushwa hivyo miaka na miaka. Hawakukosa bidii. Walikosa magunia mawili ya kuwavusha kuanzia Krismasi hadi maboga ya kwanza.

Magunia hayo mawili ndiyo mnayoweza kuyatoa nyinyi, na ndiyo maana tarehe yake ina uzito kuliko wingi wake. Yakimfikia mwanzoni mwa Januari, mama huyo haendi kibarua. Anapalilia shamba lake. Yakimfikia Aprili, yamemkuta ameshapoteza msimu.

Hili silisemi kwa kubahatisha. Mwaka mmoja tulisajili watu Novemba, tukaambiwa chakula kiko njiani. Kilikwama bandarini, kisha kikakwama kwenye karatasi, na malori yalipofika tulikuwa tunachuma kunde mbichi na mahindi ya kuchoma yanakaribia. Watu walipokea, wakashukuru, na siku ya mnada baadhi wakakiuza. Walioniuliza kwa nini wanauza msaada niliwajibu kwamba wanalipa madeni waliyokopa Januari ili kula. Chakula hicho kilichouzwa kilishusha bei ya mahindi mapya ya majirani zao. Sitaji shirika, kwa sababu waliolileta walikuwa watu wema na walihangaika sana. Hitilafu ilikuwa katika njia: chakula kilichovuka bahari kumfikia mtu anayeishi katikati ya mashamba.

Hisani si jambo geni Singida, na iliyo bora kati yake imekuwa ikiota mizizi papa hapa. Masista wa Medical Missionaries of Mary walianzisha hospitali ya Makiungu mwaka 1954, na mwaka uliofuata Wanorwe wakafungua hospitali ya Haydom, ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini, ambako wagonjwa wetu wanapelekwa hadi leo. Hapo Mtinko tuna hospitali ya Mtakatifu Carolus. Wale waliozianzisha hawakuleta dawa wakaondoka. Walifundisha wauguzi, wakachimba visima, wakaacha majengo ambayo wajukuu wa wagonjwa wa kwanza wanazaliwa humo.

Upande wa chakula, wengi mnaijua habari ya Nkungi. Mwaka 2003 Floyd Hammer na mkewe Kathy Hamilton, kutoka mji mdogo wa Union, jimbo la Iowa, walifika mkoani kwetu kujitolea katika kijiji cha Nkungi, kukarabati jengo la kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI. Walichokikuta ni njaa. Walirudi kwao, mwaka 2004 wakaanzisha shirika la Outreach, na watu wa kujitolea wakaanza kufunga pakiti za chakula chenye soya na vitamini. Tarehe 15 Julai 2013, Rais Barack Obama na Rais mstaafu George H. W. Bush waliwakabidhi Ikulu ya Marekani tuzo ya 5,000 ya Daily Point of Light, tuzo ambayo hupewa watu wanaojitolea. Yaani njaa ya mkoa wetu iliwagusa watu wawili waliokuwa wamefika umri wa kupumzika, wakakataa kupumzika.

Katika habari yao, kinachonivutia zaidi ni vikapu. Wanawake wa Singida wanasuka vikapu, na wageni hao wakaanza kuvichukua kwao na kuviuza Marekani. Hapo mama anasimama mbele ya mgeni akiwa na kitu mkononi, kina bei, kimetoka kwenye vidole vyake. Anapata chakula cha wanawe na anabaki muuzaji. Nafaka tunayoilima ni kazi ya mikono yetu kama vilivyo vikapu. Nawaomba muinunue kwa moyo uleule.

Mtakumbuka mjadala uliozuka nchini mwezi wa tatu mwaka 2024, pale mchele, maharage na mafuta ya kupikia vilipoletwa kutoka Marekani kwa ajili ya shule za Dodoma, chini ya mradi wa Pamoja Tuwalishe. Maneno yalikuwa mengi, mengine ya chuki na mengine ya uzushi kuhusu virutubisho, na hayo siyaungi mkono. Virutubisho havina ubaya. Lakini Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alisema jambo ambalo mkulima yeyote wa Kanda ya Kati alilielewa bila kufafanuliwa: wafadhili wachukue fedha hizo, wanunue mazao kwa wakulima wa Tanzania, na virutubisho viongezwe hapa. Sisi ni mkoa wa alizeti. Mjini Singida kuna viwanda vya kukamua mafuta, na mashudu yanasafirishwa kulisha mifugo ya watu wengine. Mtoto wa Ilongero akipikiwa kwa mafuta yaliyosafirishwa kwa meli, mama yake akiwa ameuza alizeti kwa hasara Juni iliyopita, kuna jambo la kunyoosha hapo.

Wala si jambo ambalo halijawahi kujaribiwa. Brazil ilipitisha sheria mwaka 2009 iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za shirikisho za chakula cha shuleni itumike kununua kwa wakulima wadogo. Mwaka huohuo majirani zetu wa Kenya walianza mpango wa shule kununua chakula cha wanafunzi kutoka masoko ya karibu, badala ya kutegemea shehena za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Kufikia 2018 kazi yote ilikuwa mikononi mwa serikali yao. WFP wenyewe walianza mwaka 2008 mpango wa kununua kwa wakulima wadogo katika nchi 20, Tanzania ikiwa mojawapo. Kama shirika kubwa kiasi hicho, lenye taratibu ndefu kiasi hicho, liliweza kununua gunia kwa kikundi cha wakulima, shirika linalohudumia kata moja litaweza.

Na kuna sababu nyingine, ambayo tumejifunza kwa uchungu. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa tangazo la siku moja, na kufikia Julai mosi mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Nchini kwetu kliniki na miradi ya VVU ilitikisika, na watumishi waliozoeleka na wagonjwa waliondoka. Wengi wenu hamkuwa mkitegemea fungu hilo, lakini somo ni letu sote. Chakula kilichomo ghalani Ilongero hakisimamishwi na uchaguzi wa nchi ya mbali. Mfadhili akiishiwa katikati ya mwaka, gunia lililonunuliwa Juni bado liko palepale.

Najua mtauliza juu ya usalama wa nafaka, na mna haki. Mwaka 2016 watu waliugua kwa sumukuvu katika maeneo ya Dodoma na Manyara, zikiwemo wilaya za Chemba na Kondoa zilizo jirani na mkoa wetu, na watu wapatao 20 walifariki. Fangasi wanaotoa sumu hiyo huota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa na unyevu au kurundikwa chini, na sumu yao haiondoki kwa kupikwa. Hatuwezi kulipuuza hilo, hasa chakula kikiwa cha watoto. Lakini dawa yake inajulikana: kuanika kwenye turubai badala ya udongo, kukausha hadi punje ilie inapong'atwa na kisha kuthibitisha kwa kipima unyevu, kuchambua punje mbovu, kupima sampuli kabla ya kununua. Mnunuzi anayelipa bei nzuri kwa nafaka kavu na safi anafundisha kijiji kizima kuliko semina. Nafaka ndogo kama uwele na mtama, ambazo ndizo nchi hii inazikubali, hazisumbuliwi sana na sumukuvu kama mahindi, na uwele una madini ya chuma ambayo mama mjamzito anayahitaji. Babu zetu Wanyaturu waliujenga mji wao kuuzunguka uwele na mbolea ya zizi. Nashangaa tunapogawiwa sembe nyeupe iliyokobolewa mpaka ikabaki wanga mtupu, na kuambiwa ni lishe.

Kuhifadhi nako kumerahisika. Mfuko wa kinga njaa, ule wenye tabaka tatu, ukifungwa sawasawa unawakosesha dumuzi hewa na wanakufa wenyewe bila dawa ya unga. Kinachohitajika ni chumba kikavu, mbao za kunyanyulia magunia yasiguse sakafu, paka, na kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti. Mizani iwe imekaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kilo iwe kilo, na lumbesa ikome mlangoni penu. Ukimpimia mkulima kwa haki mara moja, atakuletea nafaka bora mwaka unaofuata bila kuitwa.

Baadhi yenu mmeniambia kwamba mkinunua hapa mtapandisha bei na kuwaumiza walewale mnaotaka kuwasaidia. Nimelifikiria sana hilo. Mkinunua Januari, ndiyo, mtawaumiza. Mkinunua Juni, bei inapokuwa chini kabisa, mtawanyanyua, maana wakati huo hata kaya maskini ni muuzaji. Bei ikisogea kidogo Juni, ni mfuko wa mkulima unaojazwa badala ya wa dalali.

Mnunuzi wa umma naye yupo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hununua nafaka, na bei zilipopaa kati ya mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 iliuza mahindi ya bei nafuu katika halmashauri nyingi nchini. Ulikuwa msaada mkubwa kwa mwenye fedha kidogo. Asiye na fedha kabisa aliyatazama magunia yale yakipita. Huyo ndiye wenu.

Sasa niseme juu ya watoto wachanga, kwa sababu hapo sitaki mnielewe vibaya. Nendeni kliniki siku ya kupima watoto mwezi wa pili. Muuguzi anachukua utepe, anauzungusha kwenye mkono wa mtoto katikati ya bega na kiwiko, anausoma kwenye kidirisha. Kijani, mama anatabasamu. Njano, yaani chini ya sentimita 12.5, anapewa ushauri na tarehe ya kurudi. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, chumba kinanyamaza. Mkono wa mtoto huyo unaweza kuuzungushia kidole gumba na cha shahada na bado nafasi ikabaki. Mtoto wa namna hiyo hatibiwi kwa uwele wa Ilongero. Anahitaji chakula dawa kilichotengenezwa kwa vipimo, na pengine kulazwa, na hapo nawasihi msipunguze hata pakiti moja. Hiyo inunuliwe popote inapopatikana. Ombi langu linahusu wale ndugu zake ambao bado wako kwenye kijani mwezi wa kumi na moja na hawapaswi kuondoka hapo. Taifa limepiga hatua: udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010, ukashuka hadi 34 katika utafiti wa 2015/16, na 30 mwaka 2022. Lakini asilimia 30 bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu, na udumavu huingia taratibu, Januari moja baada ya nyingine, katika siku 1,000 za mwanzo ambazo hazirudi. Huku kuku wetu wa kienyeji wanapandishwa kwenye mabasi wakiwa kwenye matenga kwenda Dar es Salaam, na mayai yao pia, na mtoto anayewafukuza jioni waingie bandani anakula ugali kwa mlenda, jana, leo na kesho.

Nije kwenye matibabu. Kalenda ni ileile. Mvulana wa jirani yangu, aliyekwisha kuvuka umri wa miaka mitano na kwa hiyo kuwa nje ya msamaha wa watoto wadogo, alishikwa na maumivu ya tumbo usiku wa mwezi wa kwanza. Asubuhi baba yake hakwenda zahanati. Alikwenda kutafuta mnunuzi wa mbuzi. Siku hiyo haikuwa ya mnada. Aliyempata alijua kwamba muuzaji ana mgonjwa, akatoa alichotaka. Kufikia mtoto anafikishwa hospitali, utumbo ulikuwa umeshatoboka. Shirika mojawapo kati yenu lililipia gari, upasuaji na siku zote alizolazwa, na mtoto yu hai. Mungu awazidishie. Lakini fedha ile ingewakatia kadi majirani zake wengi, na yeye mwenyewe angepelekwa usiku uleule, kwa sababu mwenye kadi haanzi na mbuzi.

Bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, iliweka kiwango cha shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Juni, kiasi hicho ni madebe machache ya alizeti. Januari, ni fedha isiyokuwepo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekuja na utaratibu mpana zaidi, pamoja na mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Naishukuru kwa dhati. Ila sisi tunaoishi vijijini tunajua yanayotokea kati ya sheria na mlango wa zahanati. Kuna bibi asiye na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Kuna kaya ambayo jina lake liliandikwa kwa mwenye nyumba aliyekwisha kufa. Kuna mjane ambaye hakuwepo siku ya mkutano wa kijiji kwa sababu alikuwa kibaruani. Hao wote wanaweza kuachwa nje ya mlango uliofunguliwa kwa ajili yao. Kazi ya kuwashika mkono, kujaza fomu, kuwalipia nauli ya kwenda kupigwa picha na kufuatilia mpaka kadi itoke ni kazi ya bei ndogo, na hakuna mwenye nafasi nzuri ya kuifanya kuliko nyinyi. Mnayo magari, mnao vijana wa ofisini, na watu wanawaamini.

Hapo ndipo mambo mawili haya yanaposhikana. Siku mnayonunua nafaka, wekeni meza mbili. Kwenye meza ya kwanza mkulima anapima gunia lake na kulipwa taslimu au kwa simu. Kwenye meza ya pili anayetaka anajiandikisha bima kwa hiari yake, fedha ikiwa bado mkononi. Asiye na gunia la kuuza, na hao tunawajua kwa majina, kadi yake mlipie nyinyi siku hiyohiyo, kwenye meza hiyohiyo, bila foleni ya pekee ya kumtambulisha kwamba ni maskini.

Juu ya nani apewe, tafadhali msianze orodha mpya kila mnapokuja. Walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali wa kunusuru kaya maskini, walipatikana kwa mkutano wa hadhara. Orodha ile ina mapungufu, lakini inaweza kurekebishwa mbele ya watu kuliko ile inayoandikwa ofisini. Mwezi wa kwanza mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Mhudumu wa kitongoji anajua ni nyumba ipi haijatoa moshi tangu juzi. Mkutano wa kitongoji umsikilize yeye, kisha majina yasomwe kwa sauti na watu waseme.

Na picha. Nitalisema hili kwa ufupi kwa sababu linaniuma. Mtoto akiwa uchi, ana kamasi, tumbo limejaa, asipigwe picha ya kupelekwa kwa wafadhili. Atakua. Atakuwa na simu. Mama yake aulizwe, naye awe huru kukataa na bado apate unga wake. Mkitaka picha ya kuwaonyesha wafadhili kwamba fedha yao imefanya kazi, pigeni picha ya mizani, ya ghala lililojaa, ya mkulima akihesabu malipo yake. Nami nitasimama mbele ya kamera bila kuombwa mara mbili.

Shuleni pia kuna nafasi yenu, ingawa hilo ni la wazazi kwanza. Elimu bila ada ilipoanza 2016, wengi wetu tulielewa kwamba hata chakula ni juu ya serikali, na mpaka leo michango ya mahindi na maharage inasuasua. Mzazi asiyechanga, mwanawe anakaa pembeni wenzake wakila. Magunia machache kutoka ghala hilohilo, yakitolewa kwa niaba ya watoto hao bila kuwataja, yatalimaliza.

Kwa waheshimiwa madiwani na watumishi wa Halmashauri ya Wilaya ya Singida, ambao nawapelekea nakala ya barua hii: hatuombi fedha zenu katika hili. Tunaomba chumba cha kuhifadhia, afisa kilimo wa kukagua ukavu wa nafaka, afisa lishe wa kutupangia mchanganyiko wa unga, na ushuru wa mazao usitozwe kwenye gunia linalonunuliwa Ilongero kwa ajili ya kuliwa Ilongero. Hesabu zote zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kata: kilo zilizonunuliwa, bei, waliouza, kilo zilizotoka, zilizobaki. Mashirika yanafahamu kwamba hata kanuni zinayataka yaweke fedha zake hadharani. Ukuta wa ofisi ya kata ni hadhara ambayo mama asiye na simu anaweza kuifikia.

Sisi wanawake wa vikundi vya kuweka na kukopa tuko tayari kupokea, kuchambua, kufunga na kulinda. Tunaitunza fedha yetu wenyewe kwenye sanduku lenye kufuli tatu kila wiki, na nafaka hatutashindwa. Anzeni kidogo mkipenda, na vitongoji viwili au vitatu na kaya zile zenye wajane na watoto wachanga, muone Januari itakuwaje. Mkiona yameenda vizuri, mwaka wa pili mtapanua wenyewe.

Alizeti ya kwanza inaanza kukatwa vichwa mwezi wa tano, na malori ya walanguzi yanafika nayo. Tukikutana mwezi wa nne tutapata muda wa kukagua chumba, kuagiza mifuko na kukubaliana bei kabla yao. Ukumbi tutautafuta sisi, na chai ya siku hiyo ni juu yetu.

Wenu katika kazi,

Mkulima na mama wa Ilongero,
Singida.